Batri yetu na ufunguo uliokwenda Marekani

Zamu ya kuandika imetuangukia sisi wa kikundi cha muziki. Tuliambiwa tuandike historia, na wengi walitegemea vita, mikataba na marais. Hiyo wengine wameshaiandika, na vizuri. Sisi tumechagua historia ya kitu tunachokipiga kila Jumamosi na Jumapili, na ya jinsi tulivyojifunza kukituni baada ya kukiharibu.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi tuliotoka Kongo, pamoja na wenzetu wa Burundi, tunaita batri, ni Kifaransa kile. Watanzania wanaita dramu, na kwao betri ni ile ya gari au ya sola. Siku moja tulimwambia kaka mmoja anayefanya kazi na vijana kwamba batri yetu imekufa, tunaomba msaada. Alisikitika kweli, akaandika kwenye daftari lake. Baada ya wiki akaja fundi wa sola na mita mkononi. Tulicheka hadi machozi. Fundi naye akacheka, akakaa kwenye benchi kusikiliza mazoezi, halafu akasema hata yeye asiyejua muziki anasikia kwamba ile ngoma kubwa inalia kama katoni.

Alisema kweli.

Batri hiyo ni ya kanisa, sisi tunaazimwa. Ina besi, snea, tomu mbili ndogo, tomu ya chini, hayahati na toazi moja lenye ufa. Kwa miaka mingi aliyeijua ni mtu mmoja tu, tutamwita Mwalimu. Aliletwa Tanganyika hii akiwa mtoto mgongoni, akitoka upande wa Fizi, mwaka uleule wa 1996 kambi yetu ilipofunguliwa. Alikulia hapa, akaoa hapa. Kesi yake ilikaa miaka na miaka, intavyu juu ya intavyu, hadi tukasahau kwamba ana kesi. Halafu asubuhi moja jina likatoka kwenye ubao. Wiki chache baadaye tukamsindikiza kwenye basi, akina mama wanalia, sisi tunaimba. Kumbe mfukoni mwa suruali yake kulikuwa na kile kifunguo kidogo cha kukazia ngoma, chenye tundu la mraba. Hakuiba, alisahau. Kimefika Marekani kabla ya wengi wetu.

Hatukujua thamani yake hadi mvua zilipoanza na sauti ikalegea. Tukachukua plaizi. Kila mtu alikuwa fundi siku hiyo. Tulikaza upande mmoja wa tomu kwa nguvu zote, tukizungusha skrubu moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine, tukidhani ngozi ikikakamaa sauti itapendeza. Vichwa vya skrubu vikaliwa vikawa mviringo, ringi ya chuma ikapinda, na ngozi ikapasuka, paa! Mtoto aliyekuwa akichungulia dirishani alikimbia kwenda kwao.

Ngozi moja si kitu, mtasema. Lakini ninyi wa mashirika mnajua, na sisi tunajua zaidi: bila kibali hutoki hapa kwenda Kasulu mjini, na hata ukifika Kasulu, ngozi ya tomu haiuzwi sokoni pamoja na dagaa. Ilibidi iagizwe mbali, kwa michango ya wanakwaya ambao wengine waliuza sehemu ya unga wao. Jambo hilo tunaliandika kwa aibu. Miezi miwili tuliimba kwa makofi na kopo.

Ndipo tukamtumia Mwalimu ujumbe wa sauti. Tulitaka atuambie kwa kifupi: skrubu ngapi, mizunguko mingapi. Naye akajibu kwa swali: "Wadogo zangu, mnajua kwa nini ina skrubu?" Hatukujua. Tukaanza kutafuta, tukigawana bando, na kila tulichokipata tulimpelekea.

Ngoma za nyumbani hazina skrubu. Jirani na kanisa letu wapo wenzetu wa Burundi wenye ingoma zao, zile kubwa za kuchongwa kutoka kwenye shina zima la mti. Juu huwambwa ngozi ya ng'ombe, ikashikwa kwa vigingi vya mti vilivyopigiliwa kuzunguka. Vigingi vikishaingia havizungushwi. Sauti inatengenezwa siku ya kuwamba, na baada ya hapo kinachobaki ni jua na moto: ngozi ikipoa na kunyonya unyevu inashuka, ukiianika inapanda. Mzee wao mmoja alituambia yeye hahitaji ufunguo, ufunguo wake uko mbinguni na unachomoza kila asubuhi. Ngoma hizo zilikuwa za mfalme, na ile iliyo kuu iliitwa Karyenda. Mwaka 2014 UNESCO iliandika ngoma na ngoma yake ya kucheza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Kwetu Kongo kuna hata ngoma isiyo na ngozi kabisa. Walokele wa mto Kongo, karibu na Kisangani, walikuwa wakipeleka habari kwa gogo lililotobolewa mfereji. Midomo miwili ya mfereji huo inachongwa kwa unene tofauti ili mmoja utoe sauti ya juu na mwingine ya chini. Lugha yao inapanda na kushuka, na gogo linafuata mapando hayo hadi msikilizaji wa mbali anaelewa maneno. Mmisionari mmoja Mwingereza, John Carrington, alijifunza kazi hiyo na kuandika kitabu juu yake mwaka 1949. Hebu fikirieni: hapo kutuni ni kuchonga, na ukikosea mara moja umeharibu mti. Sisi na plaizi zetu tulikuwa na bahati.

Sasa batri. Tulidhani ni kitu cha wazungu, kilichobuniwa kizima kizima kiwandani. Sivyo hata kidogo. Ni mkusanyiko wa vitu vya watu waliohamahama, wengine kwa kupenda na wengi kwa kulazimishwa.

Katika mji wa New Orleans, Marekani, kuna uwanja unaoitwa Congo Square. Jina hilo lilitustua sote. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 watumwa Waafrika walikusanyika pale siku za Jumapili, wakapiga ngoma na kucheza. Sehemu nyingine za nchi hiyo hawakuruhusiwa. Huko South Carolina, mwaka 1739, watumwa waliasi na kuandamana wakipiga ngoma, na wanahistoria wanasema viongozi wao walitoka pande za Kongo na Angola. Mwaka uliofuata, 1740, sheria ikatungwa ya kuwakataza watumwa ngoma. Mabwana waliogopa kwamba ngoma zinaita watu. Na kweli zinaita, tunaona hapa kila jioni.

Katika mji huohuo wa New Orleans, baadaye, bendi za kuandamana zilikuwa na mtu wa besi na mtu wa snea, kila mmoja na ngoma yake. Bendi ilipoingia ndani ya ukumbi nafasi ikawa ndogo, na mishahara ya watu wawili ikawa mingi, kwa hiyo mtu mmoja akaanza kupiga zote mbili kwa mikono. Mnaweza kufikiri alivyokuwa akihangaika. Waliotoa jibu la kudumu ni William Ludwig na ndugu yake Theobald, huko Chicago, mwaka 1909: pedali iliyorudi haraka baada ya kukanyagwa. Kulikuwa na pedali kabla ya hapo, ila hiyo yao ndiyo iliyoendana na mwendo wa muziki mpya. William mwenyewe alizaliwa Ujerumani, akaletwa Marekani na wazazi wake akiwa mtoto. Tangu hapo mguu ukapewa kazi na mikono ikawa huru. Bila pedali hiyo hakuna seben, hakuna kwaya yetu.

Tomu zilitoka kwa Wachina. Wahamiaji wa Kichina walikuwa na ngoma ndogo zilizopakwa rangi nzuri, na wapigaji wa New Orleans na miji mingine wakazinunua na kuzifunga juu ya besi. Ngozi zake zilipigiliwa misumari. Yaani zilikuwa kama ingoma za jirani zetu, jua na moto tu! Aliyechoka na hali hiyo ni Gene Krupa, mpigaji maarufu wa Chicago. Katikati ya miaka ya 1930 alishirikiana na kampuni ya Slingerland kutengeneza tomu ambazo ngozi ya juu na ya chini, zote mbili, zinakazwa kwa skrubu. Tulipompelekea Mwalimu habari hii alituma sauti ya kucheka tu, halafu akasema: "Basi sasa mmejua. Skrubu ni ili usisubiri jua."

Lakini ngozi bado ilikuwa ya ndama. Mvua ikinyesha inalegea, taa za jukwaani zikiwaka inakakamaa, mpigaji anatuni mara tatu katika usiku mmoja. Katika miaka ya 1950 ilipatikana karatasi ya plastiki ngumu, na Wamarekani wawili, Chick Evans na Remo Belli, kila mmoja kwa njia yake, wakaifanya ngozi ya ngoma. Kampuni ya Belli ilianza mwaka 1957. Ndiyo maana ngozi ya batri yetu si ngozi, ingawa tunaiita hivyo. Mvua haiilegezi moja kwa moja kama ya ng'ombe. Ila skrubu zinatetemeka na kulegea zenyewe kwa kupigwa, na joto na baridi vinagusa kila kitu kidogo kidogo, kwa hiyo kutuni hakujaisha, kumepungua.

Tukubali hapa kwamba kilichotugusa kuliko vyote ni toazi. Toazi halituniwi, likipata ufa ndiyo basi, kama letu. Kwa hiyo tungeweza kuliruka. Lakini mmoja wetu alisoma maandishi yaliyochongwa juu ya toazi kwenye picha moja, akauliza Zildjian ni nani.

Ni Waarmenia wa Istanbul. Avedis wa kwanza alikuwa fundi wa metali chini ya Sultani wa Uturuki, na karakana yake ya matoazi inahesabiwa tangu mwaka 1623. Jina Zildjian maana yake ni ukoo wa mfua matoazi. Siri ya kuchanganya shaba na bati ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto. Mwanzoni mwa karne ya 20 Aram Zildjian aliingia katika harakati za Waarmenia dhidi ya Sultani, ikambidi akimbie, akafika Bucharest, Romania, na huko akaendelea kufua matoazi. Mpwa wake, Avedis wa tatu, alikwenda Marekani mwaka 1909, akawa anatengeneza peremende. Mwaka 1915 mauaji ya kimbari yakawamaliza Waarmenia wengi sana waliobaki Uturuki. Aram akiwa mzee alimwandikia mpwa wake barua kwamba ni zamu yake kuchukua kazi ya ukoo. Avedis hakutaka sana, biashara ya peremende ilikuwa inakwenda vizuri. Mwishowe alikubali, na mwaka 1929 kiwanda kikaanza karibu na Boston.

Tulisoma habari hiyo kwa sauti, usiku, simu ikipita mkono hadi mkono. Mama mmoja wa kwaya aliyepoteza watu wake Fizi aliuliza jambo moja tu: huyo mzee aliyekimbia, alibeba nini? Tukamwambia alibeba kichwani, ile namna ya kuchanganya metali. Akanyamaza, akatikisa kichwa, akaendelea kupepeta mchele.

Kwetu Kongo batri ilikuja polepole. Bendi kubwa za rumba za miaka ya 1950 zilitegemea zaidi tumba na maraka. Vijana wa Zaïko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa Desemba 1969, ndio walioisukuma batri mbele. Mpigaji wao Meridjo Belobi anatajwa kuwa baba wa kavacha, ule mwendo wa snea na hayahati unaokimbia bila kupumua. Inasimuliwa kwamba aliutoa kwenye mlio wa treni walipokuwa safarini. Amefariki mwaka 2020. Leo ukipita kambini Jumapili asubuhi, makanisa kumi yanapiga kavacha kwa wakati mmoja, na hakuna anayeomba ruhusa kwa Zaïko.

Nao wanamuziki walivuka ziwa kabla yetu. Maquis walitoka Lubumbashi wakaweka makao Dar es Salaam miaka ya 1970. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, alifika Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, na kabla ya kuwa Dokta Remmy wa gitaa na nyimbo alikuwa pia mpigaji ngoma. Watanzania walimpenda hadi wakaliita eneo alilokaa Sinza kwa Remmy. Tunalitaja hilo kwa wale wanaodhani Mkongo akija Tanzania anakuja na njaa tu.

Basi turudi kwenye tomu yetu. Ngozi mpya ilifika. Ufunguo tulitengenezewa na fundi baiskeli: alichukua kipande cha bomba, akakipasha moto, akakipigapiga juu ya msumari mnene wa mraba hadi tundu likakaa sawa, akapachika mpini wa spoku. Skrubu zilizoliwa na plaizi tulizirudisha umbo kwa tupa, taratibu. Akaitwa dada mmoja wa kikundi, miaka 17, Mrundi, kwa sababu sikio lake ni kali kuliko ya wote na hakuna anayebisha.

Hapa tuseme wazi. Mwaka 2017 amri ya rais wa Burundi wa wakati huo ilikataza wanawake kupiga zile ngoma za jadi, wabaki na ngoma za kucheza za kike. Mzee wa jirani anasema ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, na hatukugombana naye, ni mzee wetu. Lakini batri haina mfalme. Dada huyu alikuwa akiziangalia ingoma kwa mbali tangu utotoni, na mikono yake ilikuwa inapiga magotini. Alipokaa kwenye kile kiti mara ya kwanza, baba yake alisimama mlangoni muda mrefu, akaondoka bila kusema neno. Jumapili iliyofuata alikuja na mto wa kukalia.

Mwalimu alituongoza kwa ujumbe wa sauti. Kwanza tuondoe ngozi zote mbili, tufute ukingo wa mbao, tupitishe kidole kuzunguka. Tukakuta vumbi gumu na kipande cha gundi. Ukingo ukiwa na donge, ngozi haitakaa, na utalaumu skrubu bure. Kisha ngozi ya chini, ringi juu yake, skrubu zote sita tukaze kwa vidole tu hadi zigome. Ndipo ufunguo: nusu mzunguko, uvuke upande wa pili, nusu mzunguko, uvuke tena, kama fundi anavyokaza nati za tairi la lori. Hapo wote tuliguna. Tumesukuma malori mangapi barabara ya Kasulu, tumeshuhudia matairi mangapi yakikazwa hivyo, na bado tukaikaza ngoma kama kifuniko cha chupa.

Baada ya hapo kiganja katikati, sukuma taratibu hadi ngozi ilie kidogo na kukaa. Halafu kazi ndefu: gonga kwa ncha ya kijiti karibu na kila skrubu, kama vidole viwili kutoka ukingoni, usikilize. Iliyo chini ipandishe kidogo. Iliyo juu, usiishushe tu. Ilegeze ipite chini, kisha uipandishe hadi mahali pake, la sivyo itateleza yenyewe baadaye. Ukipandisha moja, ya ng'ambo yake nayo inasogea. Hilo lilituchosha kuliko yote. Tulizunguka tomu hiyo moja saa nzima, wavulana wakasema inatosha, dada akasema bado.

Ngozi ya juu na ya chini zikiwa sauti moja, mlio unakwenda mrefu. Ya chini ikiwa juu kidogo, mlio unafupika, unakuwa safi. Tulichagua hivyo, kwa sababu kanisa letu ni tofali mbichi na bati, na kitu chochote kirefu kinagonga bati na kurudi. Snea tulikaza ngozi ya chini hasa, ile nyembamba inayoguswa na nyaya, kwa uangalifu mkubwa kwa kuwa hatuna nyingine. Besi tuliilegeza hadi mikunjo ikaanza kuonekana, tukaipandisha kidogo hadi ikaisha, tukatia ndani blanketi la kijivu. Mnalijua blanketi hilo, ninyi mliogawa.

Tukarekodi, tukamtumia Mwalimu. Akajibu kwamba tomu ni nzuri lakini besi haisikii kabisa, labda tumeiua. Tuliumia. Tukarudia, tukatuma, akasema vilevile. Ilichukua siku mbili kugundua kwamba simu yetu ndiyo haiwezi kubeba sauti ya chini namna ile. Besi ilikuwa inalia, sisi tuliisikia tumboni. Yeye kule aliko hakuweza kuisikia, na hakukuwa na la kufanya.

Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, tulipiga uwanjani. Jirani zetu wa ingoma walitangulia, ngoma zao zikiwa zimeanikwa tangu asubuhi. Tulipofuata, dada alianza peke yake, kavacha, vipimo vinne, kisha gitaa likaingia. Yule fundi wa sola alikuwepo, amevaa kofia ya kazi, anacheza vibaya. Katikati ya wimbo wa pili skrubu moja ya tomu ikaanza kulegea. Dada akaisikia, akanyoosha mkono wa kushoto, akaikaza kwa ufunguo wa spoku, na mkono wa kulia na mguu havikusimama.

Ufunguo huo sasa unaning'inia kwa kamba kwenye msumari nyuma ya mlango wa kanisa, na fundi baiskeli anatengeneza mwingine, maana mwezi ujao kuna familia mbili za kwaya zinazorudi Burundi, na ya dada ni mojawapo. Kila Alhamisi jioni anafundisha watu wanne kutuni. Anayetaka aje na kijiti chake.